Kunoa Makucha

Siku hiyo ngazi za umeme katika jengo la maduka zilikuwa zimegoma, na watu wote, wapandao na washukao, walikuwa wakisukumana kwenye ngazi moja nyembamba. Kiwiko cha mtu kikampiga msusi wa ghorofa ya pili, na kimashine chake cha mchezo kikamponyoka, kikadunda vidatoni, kikaenda kusimama mbele ya meza ya fundi simu.

Fundi alikiokota kabla hakijakanyagwa. Alipoinua macho aliona gauni la zambarau, mkanda mwembamba kiunoni, nywele zilizosukwa kwa mistari iliyonyooka kama imepigwa rula, na uso uliokuwa tayari kugombana.

"Kimekufa?" msusi aliuliza.

"Kimezimia tu, dada. Ngoja nikipulizie."

"Usipulize. Kifungue ukitazame."

"Ala! Kumbe mwenzangu daktari."

"Mimi msusi. Lakini mtu anayebahatisha namjua."

Fundi akacheka, akashika bisibisi. Kioo kilipowaka, aliona dude la msusi. Mchezo ule ulikuwa umewashika wakubwa kwa wadogo: kila mchezaji hufuga madude yake, akayalea, kisha akayapambanisha na ya wenzake kwa zamu, wewe hila moja, mwenzio hila moja. Wengi walipenda madude yanayotema moto. La msusi lilikuwa kakakuona wa kijani, mnene, mwenye usingizi machoni.

"Huyu si wa watoto wanaoanza?" Fundi alimtania.

"Lako liko wapi? Litoe tupimane."

Fundi akatoa kimashine chake, na ndani yake joka lenye mabawa mekundu. Joka likapiga. Kakakuona hakujibu, alinoa makucha. Joka likapiga tena, akanoa tena. Kunoa Makucha ni hila isiyomdhuru yeyote. Anayeitumia hupoteza zamu na kupigwa bure, ila pigo lake lijalo huzidi kuwa zito. Wenye pupa huidharau. Fundi alikuwa mwenye pupa. Kakakuona alipoinuka hatimaye, alipiga mara moja tu, na joka likalala chali.

"Umenifanya nini?" Fundi aliuliza.

"Nimekuvumilia tu, kaka yangu. Kazi yako shilingi ngapi?"

"Umeshalipa."

Tangu hapo simu hazikupumzika. Msusi akiwa na kichwa cha mteja mapajani, simu kaibana kwa bega.

"Umekula, malkia wa makucha?"

"Nasuka. Niache."

"Nikuache nani anichape?"

"Mjinga wewe," msusi alisema, na mteja akahisi vidole vimelegea.

Ni Fundi peke yake aliyeambiwa siri ya kakakuona: kwamba anaanza kunoa tangu zamu ya kwanza, na hapigi mpaka makucha yafike mwisho wa ukali wake. Msusi hakuwahi kumfunulia mwingine. Watu hugawana mioyo upesi kuliko siri, na yeye alikuwa ametoa vyote viwili.

Kisha yakaja mashindano. Yalifanyika ukumbini chini ya jengo, mbele ya kioo kikubwa, watu wamejaa hadi milangoni. Fainali ikamkutanisha msusi na muuza miwani wa duka la kona, dada mkubwa wa Fundi, ambaye mpaka siku hiyo walijuana kwa salamu tu. Kakakuona akanoa. Akapigwa, akanoa. Akapigwa, akanoa tena. Alipobakiza hatua moja kufika mwisho wa ukali, yule dada akatumia Ukungu.

Ukungu hufuta nguvu zote zilizokusanywa. Wachezaji hawaibebi hila hiyo, maana haina kazi ila mbele ya adui anayejinoa. Kuja nayo ni kujua. Kioo kikafunikwa na weupe, na ulipotoweka, kakakuona alikuwa butu kama siku aliyozaliwa. Pigo moja likamwangusha. Ukumbi ukaangua kicheko. Jamaa mmoja alijikunja sakafuni kama kakakuona, wenzake wakamshangilia. Msusi akamtafuta Fundi kwa macho. Alimwona amesimama juu ya kiti, anapiga makofi.

Kikulacho ki nguoni mwako. Msusi alikusanya vitu vyake, akashuka jukwaani mgongo wima.

Jioni simu ililia.

"Pole, mpenzi."

"Mchezo ni mchezo, laazizi," alijibu kwa sauti ya asali.

Hakumuuliza kitu. Aliona kuuliza ni kumwonyesha adui mahali alipokuumiza. Akaamua kupigwa na kunyamaza. Kila alipomwita "kipenzi changu", alikuwa ananoa. Kila alipomcheka kwa mzaha wake, alikuwa ananoa. Na Fundi alipomwambia kwa kigugumizi kwamba mama yake angependa kuja kujuana na wakubwa wa upande wa pili, msusi alifumba macho kwa raha.

"Waje," alisema. "Na dada yako asikose."

Shangazi yake, aliyemlea, alimtazama akipanga viti sebuleni.

"Tabasamu hilo silipendi," alisema. "Lina meno mengi mno."

"Nimefurahi tu, shangazi."

"Mwenye furaha hafuti kiti kimoja mara tatu."

Wakaja. Mama mtu amevaa kitambaa kipya cha kichwa, dada amevaa miwani yenye fremu ya dhahabu, na Fundi shati jeupe lililopigwa pasi hadi likang'aa. Mama akasema maneno mazuri, mafupi. Shangazi akamgeukia msusi.

"Haya, mwanangu. Kijana huyu unamjua?"

Msusi akasimama.

"Namjua. Ni mtu aliyeuza siri ya mpenzi wake ili dada yake ashangiliwe. Nilipochekwa na umati, yeye alipiga makofi. Simtaki. Nimewaacha mje, mpendeze, mkae, ili nanyi muonje kuaibishwa mbele za watu."

Aliingoja raha ya pigo. Ilikuja, kweli, ikamjaa kifua kizima. Haikukaa.

"Siri gani?" dada aliuliza, akavua miwani. "Wifi, au sijui nikuite nani sasa. Huyu akirudi nyumbani hana wimbo mwingine. Msusi kanoa hivi, msusi kamlaza fulani, msusi hana mfano. Mama shahidi. Chakula kinapoa, yeye anahadithia! Nikachoka kusikia. Nikasema ngoja nimkomeshe huyo msusi wake. Ukungu niliutafuta mwenyewe."

"Na tangu siku hiyo hawa wawili hawali meza moja," mama aliongeza, macho chini.

"Makofi je?"

"Alikuwa akikupigia wewe! Umeshindwa, yeye anashangilia. Nilitamani nimvute suruali ashuke kwenye kiti."

Fundi akasimama polepole.

"Nilijisifu," alisema. "Nilijisifia mtu wangu, nikasahau kufunga mdomo. Ungeniuliza ningekiri, ningepiga magoti hata sokoni. Lakini umenichekea siku zote hizi huku unanichongea kisu." Akampa mama yake mkono. "Mama, twende."

Glasi za juisi zilibaki zimejaa.

"Umepiga," shangazi alisema mlango ulipofungwa. "Haya, kula nyama yake."

Msusi akapiga simu. Ikaita hadi ikachoka. Akapiga kesho yake na keshokutwa. Alisuka wateja vibaya, akafumua, akasuka upya, na mmoja akaenda kwa msusi mwingine. Ndipo akavua aproni, akashuka ngazi hadi kwenye meza ya Fundi, penye foleni ya watu.

"Naomba tuzungumze."

"Panga foleni, dada," Fundi alisema bila kuinua kichwa.

Akapanga. Zamu yake ilipofika, aliinama. "Nisamehe," alinong'ona. "Nilikuhukumu bila kukusikiliza."

"Hilo nimelisikia peke yangu. Kwenu walisikia wengi."

Msusi alimtazama. Fundi hakuwa malaika. Kisasi kilimkaa mdomoni kama peremende, na wala hakuificha. Msusi akawageukia watu.

"Sikilizeni! Huyu mtu hakunisaliti. Mimi ndiye niliyemwaibisha mbele ya mama yake, na nilikosa!"

"Msamehe basi, Fundi," alisema mzee mmoja, "simu yangu iko wazi hapo, itaingia vumbi."

Watu wakacheka. Fundi naye shavu likamcheza, akalizuia.

"Waambie wazee wako warudi," msusi alisema taratibu.

"Mama yangu harudi alikofukuzwa. Mnaotaka, njooni. Wewe na shangazi yako. Mkae kwenye viti vyetu, muulizwe mnachotaka."

"Na wewe utajibu nini?"

"Njoo usikie."

"Unafaidi, siyo?"

"Sana," Fundi alisema. "Anayefuata!"

Shangazi alilalamika njia nzima: lini umesikia msichana kwenda kuposa, viatu vinambana, na kama ni kufukuzwa, yeye umri wake umepita. Msusi aligonga mlango wa kina Fundi, na dada mwenye miwani ya dhahabu akaufungua nusu, akausimamia.

"Nani kati yenu mwenye shida?"

"Mimi."

Dada alimkagua toka unyweleni hadi kisiginoni, akachukua muda wake wote.

"Shida gani? Sema kwa sauti, wifi. Mama yuko jikoni."

"Nimekuja kumposa kaka yako!"

Mlango wa jirani ukafunguka, na wa ng'ambo yake. Kutoka ndani sauti ya Fundi ikajibu kabla hajaulizwa na mtu yeyote:

"Nimekubali!"

"Nyamaza wewe!" dada alifoka, akigeuka. "Hata hawajakaa!"