Bahari Iliyopenda Saba

Kila asubuhi, kabla ya kengele ya shule, Chiriku alitakiwa kusimama mwisho wa gati akiwa na ndoo, kamba na kipimajoto. Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Unashusha ndoo baharini, unaipandisha ikiwa imejaa, unatumbukiza kipimajoto, unahesabu polepole hadi mia moja na ishirini, unasoma namba na kuiandika kwenye daftari. Basi. Hata bibi yake, aliyekuwa akilalamikia goti mwaka mzima, alisema angeiweza.

Kazi hiyo ilitoka kwa mtafiti wa kituo cha bahari, mama mrefu mwenye kofia pana, ambaye wanafunzi walimwita Daktari wa Bahari. Bibi aliposikia kuna daktari mjini alitaka akamwonyeshe goti lake, mpaka Chiriku alipomweleza kwamba daktari huyu ana mgonjwa mmoja tu, naye ni maji ya chumvi.

"Kimbunga hula joto la bahari," mtafiti aliwaambia wanafunzi siku ya kwanza. "Kikipita juu ya maji yenye joto, hunenepa. Lakini ni mgeni asiye na adabu. Kikishakula hukoroga chungu. Upepo wake huyapandisha maji baridi ya chini, na bahari ikapoa. Nataka kujua hupoa kiasi gani, na huchukua siku ngapi kupata joto tena. Nimeziomba shule tano za pwani zinisaidie kupima. Hapa kwenu nani atajitolea?"

Chiriku aliinua mkono kabla swali halijaisha. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili na ulimi usiojua likizo, ndiyo maana hata walimu walikuwa wamelisahau jina lake la kwenye rejista. Aliahidi kupima kila siku, jua liwake au mvua inyeshe.

Wiki mbili za kwanza alipima kweli. Wiki ya tatu mvua ilinyesha alfajiri, na blanketi likawa zito kuliko ndoo. Chiriku alilifungua daftari akiwa kitandani, akatazama namba zilizotangulia. Zote zilikuwa nyuzi ishirini na nane na kidogo.

"Bahari ni ileile," akajiambia. "Haijahama."

Akaandika ishirini na nane. Ikabaki nukta. Namba isiyo na nukta ilionekana wazi kwamba imekisiwa.

"Bibi," aliita, "nitajie namba yoyote, kuanzia moja hadi tisa."

"Saba," bibi alijibu kutoka jikoni.

Kesho yake mvua haikunyesha, lakini blanketi lilikuwa palepale. Chiriku akaomba namba tena. Bibi alidhani ni mchezo wa watoto wa siku hizi, akaupenda sana. Tatizo ni kwamba aliipenda saba zaidi. Mara mojamoja Chiriku alimbembeleza abadilishe, akapewa mbili au nne kwa shingo upande, kisha kesho yake ni saba tena. Hivyo kwa wiki nane bahari ilipimwa na bibi akiwa ameketi kwenye kigoda, anachambua mboga.

Kila Ijumaa mwalimu mkuu alilikagua daftari, akalisifu kwa usafi, kisha akamtumia mtafiti namba zake kwa simu. Halikuwa na doa hata moja la maji.

Halafu kimbunga kikaja. Hakikufika mjini. Kilipita mbali baharini, lakini upepo wake uling'oa bati la choo cha shule, na mvua ikanyesha siku mbili mfululizo. Siku ya tatu kulipokucha, Chiriku aliomba namba kama kawaida. Bibi akasema saba.

Jumatatu iliyofuata, Daktari wa Bahari alipiga simu shuleni. Shule nyingine zote nne zilionyesha kwamba maji yamepoa hadi nyuzi ishirini na tano. Shule ya Chiriku peke yake ilibaki na ishirini na nane nukta saba, kana kwamba kimbunga kilipiga hodi kikanyimwa mlango. Mtafiti alisema hajawahi kuona jambo la namna hiyo, na kwamba kesho atakuja mwenyewe.

Mwalimu mkuu alitoka ofisini amefura kama puto. "Shule yetu ina bahari ya ajabu," alitangaza mstarini. "Na aliyeigundua ni mwenzenu huyu hapa."

Wanafunzi walipiga makofi. Chiriku alilikumbatia daftari kifuani, akarudi nyuma ya mstari.

Siku ya pili Daktari wa Bahari alifika gatini pamoja na fundi wake wa vyombo, mwanamume mpole ambaye miwani yake ilifungwa kwa uzi nyuma ya kichwa. Mwalimu mkuu alikuwa amevaa koti lake la mahafali. Fundi alishusha chombo cha kupimia kwa waya mrefu, akasubiri, akasoma.

"Ishirini na tano nukta mbili."

"Haiwezekani," alisema mwalimu mkuu. "Daftari letu linasema ishirini na nane."

Mtafiti alimgeukia fundi. "Mwezi uliopita ulisahau kubadilisha betri."

"Ni kweli, mama, nilisahau. Safari hii nimebadilisha."

"Hebu kiangalie tena."

Fundi alikifungua chombo. Alitoa skrubu kumi na nne, akazipanga kwenye leso, akafuta kila kipande, akakifunga, akakishusha. Ishirini na tano nukta mbili. Akaleta chombo cha pili. Nacho kikasema hivyohivyo.

"Labda vimechoka na safari," mwalimu mkuu alishauri. "Mngevipumzisha kidogo kivulini."

Mtafiti akamwomba Chiriku aonyeshe mahali hasa anapochotea maji. Chiriku alionyesha kwa kidole. Maji yalikuwa yamejaa karibu na ukingo wa gati, basi fundi akalala kifudifudi pale pale, akauzamisha mkono hadi begani ili akishike chombo mwenyewe ndani ya maji. Wimbi likaja bila kubisha hodi. Aliponyanyuka, maji yalikuwa yakimchuruzika kwenye nywele, mfukoni na masikioni.

"Ishirini na tano nukta mbili," alisema, akitema chumvi.

Mwalimu mkuu alitikisa kichwa kwa huruma, kama mtu anayemtazama mgonjwa asiyetaka dawa.

Daktari wa Bahari alikitazama chombo, kisha akamwambia fundi, "Keshokutwa meli ya utafiti inaondoka, na wewe ulikuwa uende nayo. Nadhani nitamchukua mtu mwingine, mpaka nijue vyombo hivi vina kasoro gani."

Fundi hakubisha. Aliifuta miwani kwa shati lililolowa, ikazidi kuwa mbaya. "Nimeisubiri safari hiyo miaka miwili, mama," alisema kwa sauti ya chini. "Lakini kama chombo kina kosa, kosa ni langu." Akapiga magoti, akaanza kufungua zile skrubu kumi na nne kwa mara ya pili.

Chiriku aliziangalia skrubu zikipangwa kwenye leso.

"Chombo hakina kosa," alisema.

"Unasemaje?" mtafiti aliuliza.

"Chombo ni kizima. Namba za daftari ndizo zenye kosa. Ni za bibi."

"Bibi yako hupima bahari?"

"Hapana. Huwa anachambua mboga. Mimi humwomba namba, naye husema saba."

Daktari wa Bahari alilifungua daftari. Kidole chake kilishuka ukurasa wa kwanza, kikaingia wa pili: saba, saba, mbili, saba, saba. "Nilikuwa nimeshaandika ukurasa mzima," alisema polepole, "nikieleza kwa nini bahari ya hapa inapenda saba."

Mwalimu mkuu alikohoa, akaanza kuvikagua viatu vyake. Fundi aliketi juu ya saruji iliyolowa, akacheka kicheko kirefu cha mtu aliyetuliwa mzigo kichwani. Mtafiti naye midomo ikamcheza, lakini alipomtazama Chiriku akajizuia, kwa sababu mtoto alikuwa akilia.

Chiriku alimwendea fundi. "Nisamehe, mjomba. Umelowa kwa sababu yangu."

"Nimelowa kweli," fundi alikubali. "Na skrubu moja imetumbukia majini. Lakini umesema mwenyewe, hukungoja ushikwe. Yamekwisha."

"Meli utapanda," mtafiti alimwambia fundi. "Na mimi pia naomba radhi. Nilikimbilia kukulaumu kwa kuwa niliitaka ile ajabu iwe kweli."

Siku hiyohiyo Chiriku alichukua rula na kalamu nyekundu, akazipiga mstari namba zote za wiki nane, moja moja, na kando ya kila moja akaandika: haikupimwa. Kesho yake mstarini aliwaeleza wenzake alichofanya. Ilikuwa hotuba fupi kuliko zote alizowahi kutoa. Lakini kazi iliyokuwa ngumu kuliko hiyo ilikuwa kumweleza bibi.

"Umenifanya mwenzako wa uongo na mvi zangu hizi?" bibi aliuliza. Tangu siku hiyo, alfajiri ilipoingia, ni yeye aliyelivuta blanketi, na hakulivuta kwa upole.

Chiriku akarudi gatini. Siku ya kwanza alipata ishirini na tano nukta nne. Halafu nukta saba, ya kweli safari hii, akaisoma mara tatu kwa kutoiamini. Siku baada ya siku maji yalipanda polepole, kama mgonjwa anayerudiwa na hamu ya kula, naye akawa anakimbilia darasani kuwatangazia wenzake hata wasiouliza.

Wiki ya tatu akaugua homa. Alilala siku tatu, na ndoo ikabaki nyuma ya mlango. Ijumaa, Daktari wa Bahari alipokuja kukusanya madaftari, Chiriku alimkabidhi lake akiwa ameinamisha kichwa. Kurasa zilikuwa zimekunjamana kwa maji ya chumvi. Katikati kulikuwa na mistari mitatu isiyo na namba, na kila mmoja uliandikwa: Sikupima. Nilikuwa naumwa.

"Nimekuharibia hesabu zako tena," Chiriku alisema.

"Kaa hapa," mtafiti alimwambia, akisogea kwenye benchi ili amwachie nafasi. "Siku hizi tatu ndizo zilizonifanya niziamini nyingine zote. Mahali patupu pananiambia kwamba sijui, na anayejua kwamba hajui hupima tena. Namba ya uongo hunifanya nidhani najua. Nikiwapa watu wanaotoa tahadhari za vimbunga namba hiyo, nao wakamwambia mwenye boti kuna salama au kuna hatari, uongo ulioandikwa kitandani unaweza kumzamisha mtu asiyekujua hata sura. Kuchota ndoo ni kazi ndogo, mwanangu. Kusema kweli juu ya ndoo hiyo si kazi ndogo."

Kisha akatia sahihi yake chini ya ile mistari mitatu, akamrudishia daftari.