Gauni la Modeste Guihard

Adhuhuri moja ya Mei 1803, mjini Nantes, Perrine Guihard alikuwa akimvalisha mdogo wake Modeste gauni jeupe la melimeli, kitambaa chepesi cha pamba. Lilitoka kwenye kasha la Bibi Céleste Baudry, mama wa mchumba. Perrine, mshonaji wa sindano ya mkono, alikuwa amelifumua, akakipandisha kiuno hadi chini ya matiti na kuifupisha mikono, kwa mtindo wa sanamu za kale uliowatia wazimu wanawake wote wa mji. Saa chache baadaye mkataba wa ndoa ungetiwa saini.

"Dada, hili gauni au chandarua?" Modeste alicheka. "Padri atanifukuza."

"Padri atakuwa wa kwanza kukodoa. Tulia."

Perrine alichota maji ya mto Loire kwenye ndoo, akaliloanisha gauni ili linate mwilini, kama walivyofanya wanawake wa kisasa.

"Litakauka kabla hujafika sebuleni," alisema.

Halikukauka.

"Mkwe wangu," Bibi Baudry alidakia mbele ya wageni, "umekuja kuolewa au kuogelea?"

Watu wakaangua kicheko. Modeste hakucheka. Maji yalimchuruzika vidoleni, yakizidi. Mkono wake wa kushoto ulivutwa chini, kana kwamba umeshikwa na mtu mfupi.

"Dada," alinong'ona, "nimefungwa pamoja na mtu."

Akakohoa. Likatoka tope.

Akaanguka magotini. Perrine alichomoa mkasi, akajaribu kulikata gauni. Mkasi ulipinda. Ngozi ya kifundo cha mkono wa Modeste ilipasuka yenyewe, duara zima, kama inayokatwa na kamba. Alikuwa akizama juu ya zulia kavu.

Perrine alimkaba Bibi Baudry.

"Gauni ulilipata wapi?"

"Niachie shali yangu!"

"Mdogo wangu anakufa! Wapi?"

Bibi Baudry alishusha sauti. "Kwenye tishari. Mwaka ule wa Mapinduzi, wafungwa walipozamishwa mtoni. Walifungwa wawili wawili; mwenyewe alikuwa bado amelivaa."

"Mwenye gauni alifungwa pamoja na nani?"

"Na bintiye. Mtoto."

"Nani aliwafunga?"

Midomo ya Modeste ilikuwa imegeuka buluu.

"Askari," Bibi Baudry alinong'ona. "Lakini nililegeza kamba ili gauni litoke. Halafu… nikaikaza tena mwenyewe."

Mkono wa Modeste ukaachiwa. Akavuta pumzi kwa kishindo.

Mkono wa Bibi Baudry ukashuka.

Bega lilialika. Akabwagwa chini, akaburutwa. Meno yalivunjikia kwenye ukingo wa meza. Mwanawe, Félicien, alimng'ang'ania miguu, naye akaburutwa. Maji yalifoka puani na mdomoni mwa mama yake, machafu, yamechanganyika na damu. Mlangoni akatulia. Alikuwa amekufa. Shali yake ya kashmiri haikuwa na hata tone.

Ndoa haikufungwa. Modeste alipona, ila na kovu jekundu kuzunguka kifundo.

Walipomvua Bibi Baudry viatu ili wamwoshe, miguu yake ilikuwa mikavu kabisa. Wa kushoto haukuwa na kidole kidogo; kilikatwa utotoni.

Perrine ndiye aliyekunja zulia. Chini yake, juu ya mbao, kulikuwa na nyayo mbichi za watu wawili waliotembea bega kwa bega kuelekea mlangoni, upande wa mto. Za mmoja zilikuwa ndogo, za mtoto.

Zile kubwa, za mguu wa kushoto, zilikosa kidole kidogo.