Sauti Inayotangulia

Jirani yetu tuliyemwita Masikio alifanya kazi bungeni miaka ishirini na miwili, na hakuna mheshimiwa hata mmoja aliyemjua kwa sura. Alikaa peke yake ghorofa ya chini, katika chumba kisicho na dirisha, hedifoni kichwani, akisikiliza rekodi za vikao na kuzichapa neno kwa neno. Mheshimiwa akicheka, anaandika "Kicheko". Mheshimiwa akisinzia, mwongozo wa kazi ulinyamaza. Sauti ikisikika na mwenyewe hajulikani, anaandika "Msemaji hakutambuliwa".

Hakuolewa wala hakuzaa. Alikuwa na mdogo wake mmoja tu, aliyemlea tangu mama yao alipofariki, akamsomesha hadi akawa mwalimu. Mwalimu huyo alipogombea ubunge akashinda, dada mtu alilia kwa furaha. Walau sasa angesikia sauti ya mtu wake kila siku, hata kama ni kwenye hedifoni.

Siku hiyo ilianza kama nyingine zote. Alimimina chai ya chupa, akafungua rekodi ya kikao cha asubuhi. Serikali ilileta muswada wa kuwahamisha watu walioishi karibu na machimbo ya mawe ya saruji. Kijiji chao kilikuwa huko, na kaburi la mama yao lilikuwa huko. Mdogo wake alikuwa ameapa mbele yake: "Dada, nitasema hapana hata nikibaki peke yangu."

Waziri alisimama kusoma. Kabla hajafungua kinywa, Masikio alisikia mtu akimeza mate. Kisha mnong'ono mkavu: "Mheshimiwa Spika, naomba kutoa hoja."

Ndipo waziri naye akasema, "Mheshimiwa Spika, naomba kutoa hoja."

Alidhani ni mwangwi. Akarudisha nyuma, akasikiliza tena. Lakini mwangwi hufuata sauti, na huu ulitangulia.

Alimwita fundi mitambo, akampa hedifoni.

"Umemsikia huyo mwingine?"

"Namsikia waziri tu, dada. Umechoka. Nenda kapumzike."

Masikio hakuwa amechoka. Aliijua sauti ile, kwa kuwa aliwahi kuichapa. Mwenye machimbo, tajiri aliyelipia kampeni za wabunge wa upande huu na wa upande ule, aliitwa mbele ya kamati mwaka juzi, na kila sentensi aliianza kwa kumeza mate. Sasa alikuwa na miezi mitatu kaburini. Wabunge walisimama dakika moja kumkumbuka, na Masikio aliichapa dakika hiyo pia.

Aliendelea kusikiliza.

Kura ilipigwa kwa kuita majina. Jina la kwanza. Mate yakamezwa. "Ndiyo," ukasema mnong'ono. "Ndiyo," akasema mbunge. La pili, vivyo hivyo. La tatu. Hata wapinzani, waliopiga kelele wiki nzima mpaka mishipa ikawatoka shingoni, mnong'ono uliwatangulia mmoja mmoja.

Kisha likaitwa jina la mdogo wake.

Kimya.

Masikio aliongeza sauti. Kimya kilikuwa kirefu, akaanza kumshukuru Mungu.

Mtu akameza mate.

"Ndiyo."

"Ndiyo," akasema mdogo wake.

Alitoka chumbani mwake, akampigia mdogo wake simu.

"Ulichukua hela yake?" alinong'ona.

"Dada, mkono mtupu haulambwi. Kampeni ningeifanya kwa chaki? Na hayo mabati niliyokuezekea, ulidhani yametoka kwenye mshahara wa ualimu?"

Masikio alikata simu. Kabla ya kila sentensi ya mdogo wake, mtu mwingine alikuwa akimeza mate.

Alifika nyumbani saa tisa alasiri. Jua lilikuwa kali na mtaa ulikuwa kimya. Alikaa chini ya mabati yake mapya, aliyoyashukuru kwa machozi siku yalipopigwa misumari, akajiona mpweke kuliko siku alipomzika mama. Akachukua simu, akarekodi ujumbe wa sauti.

"Mdogo wangu, rudisha kila kitu. Ng'oa mabati haya, uza, rudisha. Mama yupo pale."

Kwa mazoea ya kazi, hakuruhusu neno liende bila kulisikiliza. Akaurudia kwanza.

Mate yakamezwa. Ukaja mnong'ono. Halafu ikaja sauti yake mwenyewe, tulivu, haina hata chembe ya kilio:

"Mdogo wangu, umefanya vizuri. Nyumba haivuji."

Aliufuta bila kuutuma. Akazima simu, akatoa betri, akavificha vyote chini ya godoro. Alfajiri alipanda ngazi mwenyewe akaanza kung'oa mabati, nasi tukadhani amerukwa na akili. Hakutueleza; baadaye sana ndipo alipotuandikia haya yote. Alikuwa ameacha kabisa kusema.

Jumapili mdogo wake alikuja kumtazama. Alimkuta amekaa kwenye nyumba isiyo na paa, simu bado iko chini ya godoro, betri pembeni.

"Asante kwa ujumbe wako wa juzi, Dada. Umenipa moyo sana," alisema. Akatoa simu yake, akaufungua usikike.

*Mdogo wangu, umefanya vizuri.*

Masikio aliusikiliza mpaka mwisho. Kisha akavuta karatasi, akauandika neno kwa neno kama alivyozoea, na mahali pa jina akaandika: "Msemaji hakutambuliwa."