Skola na Sauti ya Umati

Kaeni vizuri. Wewe wa nyuma, acha kumvuta mwenzio shuka. Haya, twende.

Huyu ni Skola. Ana miaka saba. Ana meno mawili mapya, na akisema hapana, ni hapana.

Skola anaishi juu milimani, Umatengo, kwenye baridi. Asubuhi ukungu hufunika migomba. Hufunika hata kanisa.

Kanisa lao ni dogo. Kengele yake hulia nde! nde! nde! Mlango wake haufungi vizuri.

Ilikuwa Kwaresima. Hakuna vigelegele. Hakuna Aleluya. Padre anavaa zambarau, na watu wanaimba polepole.

Watoto nao walikuwa na kazi yao ya Kwaresima. Kila mtoto alileta konzi ya mahindi. Cha! cha! cha! Mahindi yakaingia kapuni.

Mahindi hayo yalikuwa ya wazee wasioweza tena kulima. Kapu lilikaa kanisani, chini ya benchi la mwisho. Mlinzi wake alikuwa Osmunda, rafiki yake Skola.

Jumatano, Mwalimu Kapinga aliwaita watoto. Mwalimu Kapinga ni katekista. Ndiye anayewafundisha dini.

"Jumapili ni Matawi," alisema. "Tutasoma Mateso ya Yesu. Padre atasoma maneno ya Yesu. Mimi nitasimulia. Na ninyi, pamoja na watu wote kanisani, mtakuwa umati."

"Umati unasema nini, Mwalimu?"

"Nikiinua mkono, mnasema: Asulibiwe!"

Akainua mkono. Watoto wote wakasema, "Asulibiwe!"

Wote, isipokuwa mmoja. Skola alikuwa amefumba mdomo, amekunja na mikono.

"Skola! Mbona wewe kimya?"

"Mm-mm! Mimi simo."

"Humo vipi? Watu wote wanasema. Hata mama yako anasema. Hata mimi!"

"Mimi nampenda Yesu, Mwalimu. Siwezi kumpigia kelele. Mm-mm! Mimi simo."

Mwalimu Kapinga akajikuna kichwa. Alifungua kitabu. Akakifunga tena.

Fulgensi, mtundu kuliko wote, akaunganisha mikono kama sanamu. "Mtakatifu Skola!" akaita.

"Utuombee!" wakaitikia wengine. Wakacheka, kwa-kwa-kwa!

Skola hakujali. Alirudi nyumbani amenyoosha shingo.

Ijumaa ikafika. Watoto waliingia kanisani kwa Njia ya Msalaba. Wakapiga magoti, wakainuka. Wakapiga magoti, wakainuka. Vituo kumi na vinne.

Walipomaliza, Mwalimu Kapinga alikwenda kumwona mgonjwa. Watoto wakaenda kwenye kapu.

Lo! Kapu lilikuwa nusu. Jana lilikuwa limejaa!

"Nani kachukua mahindi?" aliuliza Fulgensi.

"Nani analinda?" aliuliza mwingine.

Macho yote yakamgeukia Osmunda.

"Siyo mimi," alisema Osmunda.

"Ni yeye! Kapika kande!"

"Kala mahindi ya wazee! Mwizi!"

"Mwizi! Mwizi! Mwizi!"

Wote walikuwa wanapiga kelele. Na Skola? Hata Skola alifungua mdomo. Sauti yake ikatoka, kali, juu ya sauti zote.

"Mwizi! Mwizi! Mwizi!"

Osmunda aligeuka. Alimtazama Skola tu. Kisha akatoka, akashuka njia ya kwao peke yake.

Jioni, mama yake Skola alikuwa anasonga ugali. Pu! pu! pu!

"Mama, naomba maji," alisema Skola.

"He! Mbona sauti imekauka hivyo?"

"Nilipiga kelele."

"Ulimpigia nani?"

"Osmunda. Kaiba mahindi ya kapuni."

"Ulimwona akiiba?"

"Mm-mm."

"Nani alimwona?"

Skola alifikiri. Akafikiri sana. "Hakuna," alisema.

Mama aliacha kusonga. Alimtazama mwanawe, mwiko mkononi. "Sasa wewe ulipiga kelele ya nini?"

Ugali ulikuja na mboga za maboga. Skola alisogeza sahani pembeni.

Jumamosi watoto hufagia kanisa. Skola alitangulia, ukungu ukiwa bado chini. Alipofika, alisikia kitu ndani.

Ko! ko! ko! Do! do! do!

Akachungulia. Chini ya benchi la mwisho kulikuwa na kuku mwekundu, na nyuma yake vifaranga sita. Kichwa cha kuku kilikuwa ndani ya kapu!

"Shaa!" alipiga kelele Skola. "Shaa! Toka!"

Kuku akapita kwenye upenyo wa mlango. Puru! Na vifaranga nyuma yake. Pi! pi! pi!

Skola akakaa sakafuni. Kumbe ni kuku. Osmunda alisema siyo yeye. Kweli hakuwa yeye.

Hapa palikuwa pagumu, sikilizeni. Hakuna aliyemwona Skola. Angeweza kufagia na kunyamaza.

Skola aliweka ufagio chini. Akaenda mbio mpaka kwa kina Osmunda.

"Hodi!"

Mama yake Osmunda akatoka. Hakutabasamu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja kupiga kelele tena?"

Skola akainamisha kichwa. "Hapana, mama. Nimemfuata Osmunda."

Osmunda alikuwa uani, anapukuchua mahindi. Macho yake yalikuwa yamevimba.

"Osmunda, ni kuku! Nimemwona kwa macho yangu, na vifaranga sita."

"Nilisema siyo mimi."

"Ulisema."

"Na wewe ulipiga kelele. Nilikusikia. Wewe kuliko wote!"

Machozi yakamjaa Skola. Angetaka sana kusema, "Mm-mm, mimi simo." Lakini alikuwamo.

"Ndiyo," alisema. "Nilikuwamo. Nisamehe, Osmunda."

Osmunda alipukuchua hindi moja, mpaka likaisha. "Kwanza waambie wao," alisema. "Uliniita mwizi mbele yao. Nenda ukaniite mzuri mbele yao."

Haki yake.

Skola akarudi kanisani. Watoto walikuwa wamefika, wanafagia. Shua! shua! shua!

Alipanda juu ya benchi.

"Jamani! Aliyekula mahindi ni kuku. Osmunda hakuiba. Osmunda ni mwaminifu. Mimi nilimwita mwizi, na sikuona kitu. Nilikosa!"

Fagio zote zikasimama.

Fulgensi akafungua mdomo. Labda alitaka kumtania. Akaufunga. "Mimi ndiye nilianza," alisema kwa sauti ndogo.

"Na mimi nilisema kapika kande," alisema mwingine.

Wakaenda wote kwa kina Osmunda, na fagio zao mikononi. Mama yake akashangaa. "Leo mnafagia na kwangu?"

"Tumekuja kuomba msamaha, mama," alisema Fulgensi.

Osmunda aliwatazama mmoja mmoja. Wa mwisho alikuwa Skola, na huyo alimtazama kwa muda mrefu.

"Haya," alisema Osmunda. "Nimewasamehe. Lakini uwanja mfagie."

Wakafagia! Shua! shua! shua!

Jumapili, kengele ililia nde! nde! nde! Padre alikuja na pikipiki, tu-tu-tu. Watu wakainua matawi juu. "Hosana!" wakaimba. "Hosana!"

Skola na Osmunda walikaa benchi moja.

Somo la Mateso likaanza. Padre alisoma maneno ya Yesu. Mwalimu Kapinga alisimulia. Kisha akainua mkono. Macho yake yalikwenda moja kwa moja kwa Skola.

Skola aliwatazama watu. Mama alikuwapo. Fulgensi alikuwapo. Wazee wa kijiji walikuwapo. Hakuona watu wabaya wa zamani. Aliona watu wa kwao.

Sasa alijua umati ule ni kina nani.

"Asulibiwe!" walisema watu.

"Asulibiwe," alisema Skola, polepole, na chozi likashuka mpaka kidevuni.

Mwalimu Kapinga aliendelea kusoma.

Kisha Yesu akafa. Watu wote wakapiga magoti. Kimya. Kimya kabisa. Hata watoto wachanga walinyamaza.

Katika kimya kile, Osmunda alisogea. Bega lake likagusa bega la Skola. Likabaki hapo.

Usiku mama alimfunika Skola blanketi mbili. Nje mvua ilianza. Ti, ti, ti, juu ya bati.

"Mama, Yesu alinisikia leo?"

"Alikusikia."

"Na jana, nilipokuwa juu ya benchi?"

"Jana ndiyo alikusikia vizuri zaidi."

Skola akajigeuza upande wa ukutani. "Mama, Pasaka bado siku ngapi?"

"Bado saba. Sasa lala."

Ti, ti, ti. Skola alianza kuzihesabu siku zile. Jumatatu. Jumanne. Juma...

Akalala.