Bei Aliyoikisia Chiriku

Katika karakana ya babu, kila mtu aliijua sheria: hakuna kukisia. Ubao hupimwa kwa futi kabla ya kukatwa, na anayeupima kwa macho hupiga msasa viti vyote vya siku hiyo.

Mjukuu wa babu alikuwa binti msemaji sana, hata mafundi wakamwita Chiriku. Lakini asubuhi hiyo alifagia maranda kimya kimya.

“Leo Chiriku kameza gundi,” alitania fundi msaidizi.

Chiriku hakucheka. Babu alikuwa akiuza karakana ili apate gharama za kuhamia ng'ambo, karibu na baba mdogo, akaishi huko kwa pensheni yake bila kuwa mzigo kwa mtu. Juu ya ubao alikuwa ameandika kwa penseli gharama za mwezi za huko: kodi ya chumba, chakula, nauli na dawa zake za presha. Kwa kuwa kelele za msumeno wa umeme zilikuwa zimemharibia masikio, siku chache kabla alimtuma Chiriku ampigie baba mdogo simu na kuuliza kila bei. Chiriku aliuliza zote isipokuwa ya dawa. Wenzake walikuwa wakimwita akaruke kamba, naye akamtajia babu bei ya duka la dawa la mtaani kwao, akidhani dawa ni dawa popote.

Sasa mnunuzi wa karakana alikuwa ameketi, bahasha ya fedha mapajani, na babu ameshika kalamu juu ya mkataba.

“Mzee, ukishatia sahihi hakuna kurudi nyuma,” alisema mnunuzi.

“Najua, bwana. Hesabu yangu imepimwa.”

Ufagio ukamponyoka Chiriku. “Babu, bei ya dawa sikuuliza,” alinong'ona.

Babu akatega sikio kwa kiganja. “Unasemaje? Paza sauti.”

“Bei ya dawa niliikisia, babu.”

Safari hii karakana nzima ilisikia. Randa zikanyamaza. Babu akaiweka kalamu chini.

Simu ikapigwa palepale. Baba mdogo alisema kwamba huko dawa hizo huuzwa mara nne ya bei ya hapa. Babu akafuta, akaandika upya, akajumlisha. Pensheni haikutosha.

“Niwie radhi, bwana. Siuzi,” alimwambia mnunuzi, ambaye alifyonya na kwenda zake.

Babu akamgeukia mjukuu wake. “Ukikosea ubao, tunatafuta ubao mwingine. Leo ningekuwa ugenini, karakana imekwenda, dawa sina. Umefanya vema kusema kweli mbele za watu, lakini ulipaswa kuisema siku ile ile. Usiyoyauliza, usiyataje kana kwamba umeyauliza. Sheria unaijua.”

“Naijua, babu.”

Akapokea msasa. Hadi jioni vidole vyake vilikuwa vikiwaka moto, na hakuna fundi aliyemsaidia hata kiti kimoja. Babu alipitisha kiganja juu ya kiti cha mwisho, polepole, pembe hadi pembe.

“Kimelainika,” alisema. “Adhabu yako imekwisha. Nenda kanawe.”