Walikokunywa Njiwa

Gari liliacha njia kwenye kona ya kokoto, likabingirika, likatua kwa ubavu ndani ya korongo kavu. Vumbi lilipotulia, mhadhiri wa zuolojia aliyekuwa akiendesha, ambaye wanafunzi walimwita Bi Kwato kwa jinsi alivyopenda wanyama wenye kwato, alikuwa amevunjika mguu chini ya goti. Dumu la maji lilikuwa limepasuka. Simu hazikushika mtandao.

Wanafunzi walikuwa wawili, wa mwaka wa mwisho. Mama Pacha alikuwa amewaacha watoto wake kwa dada yake ili aje kwenye mafunzo ya porini. Mwenzake, kijana asiyejua haraka, aliitwa Kobe. Walimlaza mwalimu wao kivulini, na Mama Pacha akaufunga ule mguu kwa vyuma vya stendi ya kamera na vipande vya shuka.

"Kaza," Bi Kwato alisema, jasho likimtiririka. "Kaza, mama, usinionee huruma."

Kesho yake chupa ya mwisho, waliyoigawana funda moja moja, ilikuwa tupu na mwalimu alikuwa anachemka homa. Kobe aliona kundi la njiwa likipita.

"Wale wanakula mbegu kavu. Lazima wanywe kila siku."

"Haya, wanaenda majini au wanarudi?" Bi Kwato aliuliza, macho ameyafumba.

"Wanaenda."

"Una uhakika?"

Hakuwa nao. Alibeba chupa akawafuata, jua likimchoma utosi, miiba ikimchana mikono, hadi kwenye miti ambako njiwa walikuwa wamejazana wakijichambua manyoya, wazito, hawana haja na lolote. Walikuwa wameshakunywa. Kobe alitukana kwa sauti, akageuka, akashika upande walikotokea.

Dimbwi alilikuta. Ndani yake amelala nyati dume.

Alijibanza nyuma ya kichuguu, ulimi umemkauka kinywani, akamtazama mnyama akijigaragaza kana kwamba hana miadi na mtu. Bahati yake, upepo ulikuwa ukimpiga usoni, nyati asiipate harufu yake. Nyati alipoinuka hatimaye na kujiondokea, Kobe alitambaa hadi ukingoni, akayachuja maji ya tope kwa shati lake.

Mama Pacha aliyachemsha kwenye kopo, akamnywesha mwalimu kidogo kidogo. Kisha wakachoma tairi la akiba. Moshi mweusi ulipanda, na lori la mafundi wa barabara likaufuata hadi korongoni.

Wodini, mguu ukiwa ndani ya plasta, Bi Kwato aliuliza, "Huyo nyati alikuwa wa umri gani?"

"Sikumuuliza, mwalimu."

Walicheka hadi mbavu zikawauma. Muuguzi akaleta jagi limejaa maji, na bilauri moja. Bi Kwato alipiga funda moja, akampa Mama Pacha. Naye akapiga funda moja, akampa Kobe.

"Jamani, kunyweni, maji yapo tele!" muuguzi alishangaa.

Kobe alipiga funda lake, akaifunika bilauri kwa kiganja.