Saa Mbili Zilizokosekana kwenye Mashine ya Moyo

Kila asubuhi kabla ya masomo, Kasoki alichukua bidoni ya njano ya lita ishirini na kushuka hadi kwenye bomba la mtaa wao wa Murara, mjini Goma. Kwenda kulikuwa rahisi. Kazi ilikuwa kurudi, kwa maana njia ya kwao imejaa mawe meusi ya volkano, na mwenye mzigo hawezi kutazama pengine ila miguuni. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, na katika timu ya basketi ya wasichana wa shule yao hakuna aliyemshinda kwa mbio.

Lakini tangu Pasaka kulikuwa na jambo. Moyo wake ulianza ghafla kwenda mbio, kama mtu anayegonga mlango kwa ngumi, na baada ya dakika chache ukatulia ghafla vilevile. Mara mbili hakumwambia mtu. Mara ya tatu alianguka uwanjani mbele ya kocha. Mama yake, Mama Micheline, aliyekuwa akiuza unga wa muhogo sokoni, alimwachia jirani meza yake na kumpeleka hospitali siku ileile.

Dokta Bashige alimlaza kitandani, akampima moyo, akaitazama karatasi iliyotoka kwenye mashine.

"Sasa hivi moyo wako unapiga vizuri," alisema. "Tatizo ni kwamba shida ya namna hii haingojei mtu afike kwa daktari. Kwa hiyo nitakupa mashine utakayokwenda nayo nyumbani."

Ilikuwa kiboksi kidogo kama kipande cha sabuni, chenye waya tano zilizobandikwa kifuani kwa plasta. Angekaa nayo mchana na usiku mzima, kisha airudishe hospitalini. Asioge, maana maji yangeiharibu. Asibandue plasta wala kuchomoa waya. Simu isikae karibu nayo.

"Kazi zako zote za kila siku ufanye," daktari aliongeza. "Moyo ukianza kwenda mbio, kaa chini, bonyeza hapa, kisha uandike kwenye kaye hii, daftari lako la mashine, ni saa ngapi na ulikuwa unafanya nini."

"Dokta, haitamuumiza mutoto?" Mama Micheline aliuliza.

"Hapana, Mama. Haimtii umeme na haimtibu. Inaandika tu jinsi moyo unavyopiga."

Kesho yake darasani, rafiki yake Gisubizo aliona waya kwenye kola ya shati.

"Umevaa redio? Tuwekee muziki basi!"

Wote wawili walicheka. Kisha Gisubizo akapunguza sauti. "Lakini ujihadhari. Binti wa jirani yetu walimkuta na ugonjwa wa moyo, na mpaka leo hachezi hata kamba. Hiyo mashine ikisema vibaya, basketi imekwisha."

Maneno hayo yalimkaa Kasoki kichwani hadi mwisho wa masomo. Zilikuwa zimebaki wiki tatu kabla ya mashindano na shule ya Munigi. Saa tisa, timu ilipokuwa ikivaa viatu, aliingia chooni, akachomoa waya zote na kuficha kiboksi ndani ya mfuko wa vitabu. Kisha akacheza.

Hakucheza sana. Moyo ulishika mbio, macho yakaona giza, akaenda kukaa ukutani akijifanya anafunga kamba za kiatu. Ulipotulia, alibaki hapo hadi mazoezi yalipokwisha. Saa kumi na moja alirudisha waya mahali pake, akaandika kwenye kaye: *Saa tisa hadi saa kumi na moja nilipumzika. Sikusikia kitu.*

Asubuhi iliyofuata, hospitalini, Mama Micheline alipokwenda kwenye dirisha la kuandikisha wagonjwa, Kasoki alikaa kwenye benchi kando ya muzee mmoja aliyevaa koti safi. Muzee aliziona waya, akatabasamu.

"Ya kwako iko inje," alisema. "Ya kwangu iko ndani."

Alijitambulisha kuwa ni Muzee Grégoire, mfanyabiashara wa Butembo aliyehamia Goma. Akamwonyesha kadi iliyoandikwa jina la kifaa chake cha kuusaidia moyo upige, na tarehe ya kupandikizwa chini ya ngozi, karibu na bega. Kadi hiyo hutembea nayo popote, na humwonyesha kila daktari kabla ya kutibiwa. Simu haiweki kamwe kwenye mfuko wa kifuani.

"Mwaka uliopita nilisikia kizunguzungu wiki nzima," alisema. "Sikuambia mutu. Nilifikiri, mashine iko, itasema yenyewe. Kumbe betri ilikuwa inaisha. Bibi yangu ndiye aliyenileta hapa kwa nguvu. Mutoto wangu, siku mbili zaidi, tusingekuwa tunaongea."

Kasoki aliitazama kaye iliyokuwa mapajani mwake. Jina lake lilipoitwa, aliingia na mama yake, na kabla daktari hajafungua kompyuta, alisema:

"Dokta, niliandika uongo. Jana niliivua. Nilicheza basketi, na moyo ulienda mbio."

Mama Micheline aligeuka. "Kasoki! Mimi nilikesha nikikuchunga usilalie waya, na wewe uliivua?"

Kasoki alilia. Daktari alichomeka kiboksi kwenye kompyuta, akaigeuza wakaona mistari ya mapigo, na katikati pengo tupu la karibu saa mbili.

"Ningeona kwamba uliivua," alisema. "Lakini nisingejua yaliyotokea, na kwa kaye hii ningekurudisha nyumbani bila dawa. Leo unaivaa tena."

Safari hii hakugusa waya. Kesho yake alfajiri, akiwa njiani na bidoni, moyo ulianza. Aliweka maji chini, akakaa juu ya jiwe, akabonyeza, akaandika: *Saa kumi na mbili na robo. Nimebeba maji.*

Dokta Bashige alipoona mistari ile, aligonga meza kwa furaha. "Hii hapa! Mapigo zaidi ya mia mbili kwa dakika." Akaeleza kwamba ndani ya moyo wa Kasoki umeme ulikuwa umepata njia ya mkato, nao ulizunguka humo. Dawa ya kila siku ingeutuliza, na ikishindikana, kuna matibabu mengine.

"Atakufa?" Mama Micheline aliuliza kwa sauti ndogo.

"Mama, huyu ataishi hadi aone wajukuu wake, na wa jirani pia. Apumzike michezo miezi miwili, nimpime tena."

Mama Micheline alikaa, akajifunika uso kwa kitenge, na mabega yakaanza kutikisika. Kasoki alidhani analia, kumbe alikuwa anacheka.

Mashindano ya Munigi yalipita bila Kasoki. Aliyatazama akiwa amekaa kando ya kocha. Baada ya miezi miwili alivaa mashine mara ya tatu, na mistari ikatoka mizuri mwanzo hadi mwisho. Daktari alitia sahihi karatasi ya kumruhusu kurudi mazoezini pole pole, akiendelea na dawa.

"Nilifikiri utanikataza basketi," Kasoki alisema.

"Ulichotaka kukilinda ndicho ulichokuwa unakipoteza," Dokta Bashige alimjibu. "Mgonjwa akinificha kitu, hata mashine ya bei kubwa inanidanganya pamoja naye. Akiniambia kweli, hata ikiwa ya aibu, najua pa kuanzia. Kumbuka hilo, na uwaambie wenzako."

"Aksanti, Dokta," alisema Kasoki, na mama yake akasema vilevile, mara tatu.